Mnyoo wa Mama Ukoko

Watu walipoacha kwenda studio kwa sababu kila mtu ana simu na kila simu ina kamera, yule mpiga picha wa pasipoti, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasipoti tu, hakulia. Alikaa kitini siku tatu, akalitazama shuka lake la buluu lililoning'inia ukutani kama nguo ya marehemu, akawaza ni kitu gani ambacho simu haikiwezi. Siku ya nne akakipata. Simu, kwa ujuvi wake wote, ukiisogeza karibu na nzi inaona ukungu mtupu.

"Nitapiga picha za nzi," akamwambia mkewe.

"Na watakulipa nini, mabawa?"

Lenzi ya dukani ya kazi hiyo, kwa bei yake ungenunua ng'ombe na bado ukamlipa mchungaji. Pasipoti akafanya kama wafanyavyo watu waliolelewa na mtaa: akaanza kuokota. Kwa fundi bomba aliomba kipande cha bomba la plastiki, urefu wa kiganja. Kabatini alikuwa na kamera kuukuu iliyostaafu kabla yake, na lenzi ya kamera nyingine iliyokufa siku nyingi. Lenzi akaigeuza, mbele ikawa nyuma, akaibana kwenye ncha moja ya bomba kwa gundi na utepe mweusi. Ncha ya pili akaigandisha kwenye kifuniko cha mdomo wa kamera, alichokuwa amekitoboa katikati kwa kisu cha moto. Hakuna uchawi hapo. Lenzi ukiiweka mbali na kamera, tena ukaigeuza, kitu kidogo kinanenepa.

Picha za kwanza zilitoka na doa la mwanga katikati, kama mtu amekaanga yai juu yake, kwa kuwa bomba ndani lilikuwa jeupe na linang'aa. Akauchana mwavuli wa mkewe, akalivika bomba kitambaa cheusi kwa ndani. Taa akachukua ile ya watoto ya kusomea, akaifunika kwa nusu ya dumu jeupe la maziwa ili mwanga ushuke taratibu, usimpige nzi makofi. Reli mbili za droo zikawa njia ya kuisogeza kamera mbele na nyuma, unene wa ukucha kwa unene wa ukucha. Mwisho akaliminya tundu la lenzi mpaka likawa kama tundu la sindano, ili kila kitu kionekane wazi.

Plastiki ukiikata kwa msumeno inaacha vumbi, na vumbi likaingia ndani ya kamera, juu ya kile kioo kidogo kinachopokea picha. Mpiga picha mwenye subira analipuliza likatoka. Pasipoti alichukua brashi ya poda ya mkewe, akapangusa kama anayepangusa meza.

"Brashi yangu iko wapi?" mkewe aliuliza jioni.

"Ipo kazini."

"Na mwavuli wangu?"

"Upo kazini pia."

"Basi nyumba hii asiyekuwa na kazi ni mmoja tu."

Kesho yake Pasipoti alibeba mtambo wake mpaka kwa kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi alikuwa na runinga pana, na alikuwa na watu. Kwake watu hawakwenda kunyolewa tu. Walikwenda kujua nani kamwacha nani. Pasipoti akaunganisha kamera na runinga kwa waya, akamweka nzi mfu juu ya kiberiti, akasogeza reli, akabonyeza.

Nzi akajaa ukuta mzima. Macho kama mabakuli, manyoya kama nyasi. Mteja mmoja alinyanyuka na povu lake shavuni.

"Mungu wangu! Na huyu ndiye ananitulia kwenye chai?"

Kinyozi akasogea, wembe mkononi, akahesabu kwa sauti. "Miguu saba. Jamani, nzi ana miguu mingapi?"

"Sita," akasema mmoja aliyepata kusoma.

"Huyu ana saba. Huo hapo juu kulia, umepinda."

Ikazuka hoja. Wengine walisema nzi wa mtaa huu si kama nzi wa vitabuni. Anakula vizuri, lazima aongezeke mguu. Pasipoti alipobanwa alinyoosha mgongo na kutamka maneno ambayo baadaye alitamani angeyatafuna akayameza. "Mimi siongezi wala sipunguzi. Kamera haisemi uongo."

Maneno yakapendwa. Kufikia Jumanne, mtaa mzima ulikuwa unayasema. Watu wakaja na vitu vyao vidogo: meno yaliyong'oka, hereni, punje za mahindi. Mmoja alileta kope iliyookotwa kwenye koti la mumewe, akitaka kujua ni ya nani. Na wote waliona kitu. Hereni ilikuwa na ufa. Jino lilikuwa na mdudu. Kope zilikuwa mbili, na nyumba ile hawakulala vizuri wiki nzima. Pasipoti akawa mtu wa kuamkiwa kwanza. Hata waliomzidi umri walimpisha njiani.

Ilikuwa katika utamu huo ndipo akamkumbuka dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa na chumba cha chakula mkabala na kinyozi: meza nne, mabenchi manane, na sufuria moja kubwa ya wali ambayo ukoko wake watu waliuwekea zamu. Ndiyo maana aliitwa Mama Ukoko. Sufuria hiyo ndiyo iliyomlea Pasipoti baada ya wazazi kufariki, ikamsomesha, ikamnunulia hata ile kamera iliyostaafu. Sasa mdogo mtu, kwa mapenzi na kwa maringo kidogo, akaamua kumpa zawadi: picha ya punje moja ya wali wake, kubwa kama mlango, aitundike ukutani, watu wale wakiitazama.

"Dada, niachie punje moja tu."

"Chukua, mdogo wangu. Ila usiniharibie foleni."

Ilikuwa Jumatatu iliyofuata, saa saba mchana, mabenchi yamejaa. Pasipoti akavusha runinga ya kinyozi barabarani, kinyozi mwenyewe akiwa ameishika upande wa pili, akaiweka juu ya friji. Punje juu ya sahani nyeusi. Taa. Dumu la maziwa. Reli. Bonyeza.

Punje ikatokea, nyeupe, ya kupendeza, inang'aa mafuta. Watu wakashangilia. Kisha kinyozi, ambaye jicho lake limezoea kutafuta unywele uliobaki, akanyoosha kidole.

"Na hicho hapo juu kulia ni nini?"

Kilikuwa chembamba, cheusi, kimepinda kama ndoano.

"Kivuli," akasema Pasipoti.

"Kivuli cha nini? Piga tena."

Akaleta punje nyingine. Kipo. Ya tatu. Kipo. Watu wakaacha kutafuna. Kila mmoja akaanza kusikiliza tumbo lake.

"Mnyoo," mtu akanong'ona.

"Mnyoo!" wakapokea wengine.

"Pasipoti, wewe ndiye mwenye kifaa, sema! Ni mnyoo au si mnyoo?"

Pasipoti akamtazama dada yake, akaitazama runinga. Kusema si mnyoo ni kusema kamera inasema uongo. Akafungua mdomo, ukatoka upepo.

"Si amekwisha sema mwenyewe," kinyozi akamalizia kwa niaba yake. "Kamera haisemi uongo."

Mabenchi manane yakabaki tupu kabla hujahesabu kumi. Mmoja aliondoka amejishika koo, na huyo ndiye aliyekuwa amekula sahani mbili na kuomba ukoko. Mama Ukoko alisimama katikati ya chumba na upawa mkononi.

"Miaka kumi na tisa," akasema polepole. "Kumi na tisa. Na anayekuja kunifungia mlango ni niliyempangusa makamasi."

Bwana Afya alifika kabla ya alasiri. Huyu alikuwa mkaguzi wa usafi wa eneo lote, mtu wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa ameiandikia ofisi kuu akiomba japo kioo cha kukuzia vitu, akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Alipoiona ile picha, macho yalimlowa.

"Huu ndio ushahidi," akasema. "Huu sasa ndio ukaguzi." Akaomba nakala mbili: moja ya faili, moja apigwe yeye amesimama kando yake. Akabandika karatasi mlangoni kwa Mama Ukoko: pamefungwa hadi shauri lisikilizwe Alhamisi asubuhi, ofisini, na siku hiyo, mpishi asipokuwa na la kujitetea, leseni yake itafutwa, asipike tena kwa biashara maisha yake yote. Jioni ile ile akatuma taarifa ofisi kuu. Kichwa chake kilikuwa "Mnyoo wa Aina Mpya", na chini yake jina lake kwa herufi kubwa kuliko za mnyoo.

Jumatano asubuhi Pasipoti alikuwa studio, hana hamu hata ya chai. Picha za wiki nzima alikuwa amezichapa na kuzibana kwenye kamba zikauke, moja kando ya nyingine. Mkewe aliingia kutafuta mwavuli, mvua ilikuwa inanyemelea. Akasimama mbele ya ile kamba.

"Baba watoto, mbona hivi vitu vyako vyote vina mkia?"

"Mkia gani?"

"Huu." Akaweka kidole kwenye nzi, juu kulia. Akakihamishia kwenye hereni, juu kulia. Kwenye jino. Kwenye punje. Kidole kilipita kwenye mstari ulionyooka, na kila mahali kilikuta kile kile, chembamba, cheusi, kimepinda kama ndoano.

Pasipoti akasimama. Akaifungua kamera, akaitega kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani. Juu ya kile kioo kidogo ulikuwa umelala unywele mmoja, mfupi, wa brashi ya poda.

Akakaa chini sakafuni.

"Nimemwua dada."

"Hajafa," mkewe akasema. "Kafungiwa. Utaenda useme."

"Niseme nini? Kwamba mtaa mzima nimeuonyesha unywele wa brashi? Yule wa kope karudi kwao na mabegi!"

"Huyo tutampelekea brashi yenyewe aione. Sasa chagua. Unataka kuamkiwa, au unataka dada?"

Pasipoti akatafuta kitambaa laini autoe ule unywele. Mkewe akamdaka mkono.

"We! Ukiutoa, kesho utawaonyesha nini? Watasema umemficha mnyoo. Uache hapo hapo mpaka kila mtu auone."

Kwa dada ilibidi aende peke yake. Alimkuta nyuma ya nyumba anasugua ile sufuria, ambayo haikuwa na uchafu wowote wa kusugua. Akamwamkia. Hakuitikiwa. Akapiga magoti, akaeleza yote, brashi, vumbi, unywele. Mama Ukoko alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Kwa hiyo mnyoo ni poda ya wifi yangu."

"Ni brashi, dada."

"Nilikuambia tangu mdogo: kitu kikikushinda kuosha, niletee mimi. Sasa nyanyuka, unanichafulia uwanja. Kesho utasema hayo mbele za watu?"

"Nitasema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, dada."

"Haya. Ila nakujua. Ukinyamaza tena kama juzi, mimi na wewe tutaamkiana kwa barua."

Alhamisi, ofisi ya Bwana Afya ilikuwa na kiti kimoja kizima, na alikalia yeye. Wengine wote walisimama: mtaa ulikuja karibu wote, waliobaki nje wakachungulia dirishani wakisimuliana vibaya yanayotokea ndani. Kinyozi alikuja na runinga yake, na kwa sababu hiyo alijiona kama wakili.

Pasipoti akakohoa. "Bwana Afya. Ndugu zangu. Kwenye wali wa dada yangu hakuna mnyoo. Kosa ni langu. Kuna unywele ndani ya kamera yangu."

Minong'ono. "Anamwokoa dada yake," mtu akasema. "Damu nzito kuliko maji," mwingine akaitikia.

"Nitawathibitishia. Hii hapa karatasi nyeupe, mpya, haijaguswa na mchele wala mpishi." Akaiweka chini ya lenzi, akabonyeza. Runingani ukatokea weupe mtupu, na juu kulia, ile ndoano.

Pasipoti akapumua. Amemaliza.

"Lahaula," kinyozi akasema. "Hata kwenye karatasi wapo!"

Ofisi ikalipuka. Mwanamke mmoja akawaambia watoto wake waache madaftari nyumbani. Bwana Afya alikuwa ameshaifungua kalamu ya pili. "Mnyoo wa karatasi," akanong'ona akiandika. "Ndiyo maana mafaili yangu yanapotea."

"Bwana Afya, sikiliza! Tazama nikiigeuza karatasi." Akaigeuza, juu ikawa chini, akabonyeza. "Karatasi imegeuka, mnyoo amebaki pale pale. Angekuwa kwenye karatasi si angegeuka nayo?"

Bwana Afya akafikiri. Kila mtu akamwona anafikiri.

"Amehama," akasema. "Mnyoo ana uhai, bwana. Lisemwalo lipo. Taarifa imeshakwenda ofisi kuu, na ofisi kuu haijakanusha." Akavuta muhuri karibu. Ulikuwa umeshalowa wino. "Leseni ya mpishi..."

Pasipoti akaona mkono unanyanyuka. Alitaka kupiga kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya dada yake, tena ya upole, ile aliyokuwa akiitumia kwa mteja anayeomba nyama ya ziada.

"Bwana Afya, baba, kabla hujagonga. Mkono huo unaogonga muhuri, si lazima uwe safi? Wasije ofisi kuu wakasema mnyoo katoka kwako. Weka tu kidole hapo, tuone, ubaki na heshima yako."

Watu wakaguna kukubali. Ni neno la busara. Bwana Afya akajitazama ukucha. Alikuwa mtu wa kunawa mara saba kwa siku na kuhakikisha anaonekana akinawa. Akatabasamu, akakiweka kidole cha shahada kwenye sahani, chini ya dumu la maziwa. Pasipoti akasogeza reli. Akabonyeza.

Ukucha wa Bwana Afya ukajaa runinga, safi, wa waridi, umekatwa vizuri. Na juu kulia, mweusi, amepinda kama ndoano, katulia kama yuko kwake.

Hakuna aliyecheka. Walichofanya ni kibaya zaidi: walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Waliompa mkono asubuhi wakaanza kujifuta viganja kwenye nguo.

Bwana Afya akauvuta mkono, akauficha chini ya meza. Rangi ikampanda na kushuka. Kisha akasimama wima, akanyoosha kalamu kuelekea kwenye mtambo.

"Kifaa hiki," akasema kwa sauti ya serikali, "ni kibovu!"

"Ndicho ninachosema tangu..."

"Kimya! Kifaa ni kibovu, na nimekigundua mimi, kwa uchunguzi niliofanya kwa kutumia mwili wangu mwenyewe. Andikeni."

Hakukuwa na wa kuandika, akaandika mwenyewe. Pale pale Pasipoti akaifungua kamera, akaitega mbele ya macho ya watu ule unywele uonekane, akaupuliza, ukaruka, ukapotelea kwenye jua la dirishani. Dada yake akatoa punje ya wali kwenye kikopo alichokuja nacho. Bonyeza. Nyeupe, safi, kutoka pembe hadi pembe.

"Basi nifungulie mlango wangu," Mama Ukoko akasema.

Hapo Bwana Afya akakwama. Taarifa ilikuwa imeshafika ofisi kuu, na mnyoo wa aina mpya, na jina lake kwa herufi kubwa. Kumfuta mnyoo ni kujifuta mwenyewe. Akakuna kichwa kwa ule mkono mwingine. Alizunguka meza mara mbili, akakaa, akaandika barua, akaigonga muhuri, akaisoma kwa heshima zote: kwamba mnyoo aliyeripotiwa alionywa na ofisi hii, akatii, na ameondoka katika eneo hili kwa hiari yake, hivyo mpishi anaruhusiwa kuendelea.

"Kwa hiyo alikuwepo?" kinyozi akauliza.

"Aliyekuwepo ameondoka. Unataka nimrudishe?"

"Hapana, hapana, bwana."

"Mkuki kwa nguruwe," Mama Ukoko akasema chinichini, akaikunja barua.

Siku ile wali ulichelewa hadi saa nane na hakuna aliyelalamika. Barua aliitundika ukutani, pale ilipotakiwa kukaa picha ya punje, na wateja waliisoma wakitafuna, wakakubaliana kwamba hakuna chumba cha chakula kingine ambacho mnyoo ametoka kwa barua. Waliongezeka kuliko kabla. Bwana Afya alikaa benchi la mbele, akala kwa kijiko, mkono mmoja mfukoni. Yule aliyekuwa amejishika koo aliomba ukoko, akaambiwa asubiri zamu.

Pasipoti alisimama mlangoni. Leo hakuna aliyempisha njia. Mmoja alimkanyaga kabisa. Alisubiri mpaka foleni ikaisha. Dada yake akapakua sahani moja, akaifunika kwa nyingine, akaisukuma mezani bila kumtazama.

"Kula. Ukimaliza utaosha sufuria, leo, kesho na keshokutwa."

"Sawa, dada."

"Na wifi yangu mnunulie mwavuli."

"Sawa."

"Halafu urudi kwenye pasipoti zako. Watu wanapendeza wakipigwa kwa mbali."

Pasipoti akafunua sahani. Chini ya wali, pembeni, alikuta amewekewa ukoko, kipande kikubwa cha rangi ya dhahabu, na haikuwa zamu yake.